"Analea wahalifu": mpasho wa siasa za Marekani na rangi isiyotajwa

Aliyekulia pwani hahitaji kufundishwa mpasho ni nini. Mwanamke anatoka ndani amejifunga kanga, anapita polepole mbele ya baraza ya jirani, wala hafungui kinywa. Jirani anayasoma maneno ya kanga, damu inamchemka. Akija juu, "mbona wanitukana?", anajibiwa kwa upole: "Mimi, shoga? Mie nimevaa kanga tu. Jina lako liko wapi hapa?" Nguvu yote ya mpasho iko hapo. Aliyekusudiwa anajua, mtaa mzima unajua, na aliyeutoa ana pa kujifichia.

Siasa za Marekani nazo zina mpasho wao, na sasa umeimbwa kwa zaidi ya miaka 60. Maneno hubadilika, kiitikio ni kilekile: mpinzani wangu analea wahalifu. Kwa sikio la mgeni hiyo ni hoja ya kawaida. Nani atampigia kura mtu anayebembeleza wezi na wauaji? Lakini Wamarekani Weusi wengi wakiisikia wanajua wametajwa wao, na Wazungu wengi wakiisikia, sura inayowajia kichwani ina rangi yake, ingawa msemaji hakusema rangi yoyote. Akibanwa, msemaji anajibu kama yule wa kanga.

Ugumu wa jambo hili ni kwamba uhalifu wenyewe ni wa kweli. Watu huuawa, wanawake hubakwa, maduka huvunjwa, na mpiga kura ana haki ya kumuuliza kiongozi wake amefanya nini. Kwa hiyo si kila anayesema "huyu ni mlegevu kwa wahalifu" ni mbaguzi. Inabidi kuuangalia mpasho wenyewe kwa karibu, uzi kwa uzi, na hakuna mahali unapoonekana vizuri kama mwaka 1988.

Sekunde 30

Septemba 1988, George Bush (baba) wa Republican na Michael Dukakis wa Democrat, gavana wa Massachusetts, wakiwania urais, kundi moja lililomuunga mkono Bush bila kuwa sehemu rasmi ya kampeni yake lilirusha tangazo la televisheni la sekunde 30. Bado linapatikana mtandaoni. Linaanza na picha za wagombea wawili. Sauti tulivu ya kiume inasema kwamba Bush anaunga mkono adhabu ya kifo kwa wauaji, ilhali Dukakis anaipinga na zaidi ya hapo aliwapa wauaji ruhusa ya kutoka gerezani mwisho wa wiki. Kisha skrini nzima inajaa picha ya polisi: mwanamume Mweusi, nywele timutimu, ndevu nzito, macho yamekutazama. Huyu ni Willie Horton, inasema sauti, aliyemuua mvulana katika wizi kwa kumchoma kisu mara 19. Alipewa ruhusa ya kutoka mara 10. Akatoroka, akawateka kijana na mchumba wake, akamchoma yule kijana kisu, akambaka mwanamke tena na tena. Maneno matatu yanatokea chini, moja baada ya jingine: kuteka, kuchoma kisu, kubaka.

Neno "Mweusi" halimo. Neno "Mzungu" halimo. Lisikilize ukiwa umefumba macho, utasikia habari ya mfungwa aliyetoroka. Fumbua macho, ni habari nyingine.

Kuhusu tukio, tangazo halikutunga. Horton alihukumiwa pamoja na wenzake wawili kwa mauaji ya kijana wa miaka 17 aliyekuwa akihudumu kwenye kituo cha mafuta mjini Lawrence, Massachusetts, mwaka 1974. Kifungo chake kilikuwa cha maisha bila parole, yaani bila kuachiliwa mapema kwa masharti. Juni 1986 alitoka kwa ruhusa ya mwisho wa wiki, hakurudi. Aprili 1987, huko Maryland, akawafanyia unyama wale watu wawili. Jaji wa Maryland alimpa vifungo viwili vya maisha na miaka 85 juu yake, akakataa kumrudisha Massachusetts, maana hakuiamini tena. Gazeti la mji wa Lawrence liliandika habari karibu 200 juu ya sakata hilo na likapata tuzo ya uandishi wa habari ya Pulitzer. Wakazi wa pale walikuwa na hasira, na walikuwa na sababu.

Sasa tufungue fundo. Mpango wa ruhusa za mwisho wa wiki ulianza mwaka 1972, gavana akiwa Francis Sargent, mtu wa Republican. Mwaka uliofuata mahakama ya juu ya jimbo ikasema sheria ile haikuwatenga waliohukumiwa kwa mauaji. Mwaka 1976 bunge la jimbo likapitisha muswada wa kuwatenga, Dukakis akaukataa. Hapo kosa ni lake na hakuna wa kumbebea. Lakini mipango ya namna hiyo ilikuwapo katika majimbo mengi. Ilikuwapo California wakati Ronald Reagan ni gavana. Ilikuwapo katika magereza ya serikali ya shirikisho, wakati huohuo Reagan akiwa rais na Bush makamu wake. Na Massachusetts ilikwisha kuifuta kwa wafungwa wa aina ya Horton Aprili 1988, kwa saini ya Dukakis huyohuyo, miezi mitano kabla ya tangazo.

Wiki chache baadaye kampeni ya Bush yenyewe ikatoa tangazo lake. Hili halina Horton. Lina mstari wa wanaume waliovaa nguo za kifungwa wakiingia na kutoka kupitia lango linalozunguka, picha nyeusi na nyeupe, muziki wa kutisha. Sauti inasema Dukakis aliwapa ruhusa wauaji wasiostahili parole, na kwenye skrini linatokea andiko: 268 walitoroka. Wengi, sauti inaendelea, walifanya uhalifu mwingine kama kuteka na kubaka.

Ukiunganisha maneno na andiko, unapata wauaji 268 waliotoroka na kwenda kubaka watu. Ukweli ni kwamba 268 ni jumla ya wafungwa wa kila aina waliochelewa au kutoroka katika takriban miaka 10. Waliofungwa kwa mauaji ya daraja la kwanza miongoni mwao walikuwa wanne. Kati ya hao wanne, aliyeteka na kubaka alikuwa mmoja, na jina lake tayari mnalijua. Tangazo halikusema popote kwamba wote 268 walikuwa wauaji. Liliweka vitu viwili karibu karibu, mtazamaji akafunga ndoa mwenyewe. Kathleen Hall Jamieson, msomi wa matangazo ya siasa, alikuta baadaye kwamba wapiga kura walikuwa wameyachanganya matangazo yote mawili vichwani mwao hadi yakawa hadithi moja, na mhusika wa hadithi hiyo alikuwa na sura ya Horton.

Hata hilo jina lina mkasa wake. Nyaraka zilimwita William Horton. Mwenyewe amesema hakuna aliyewahi kumwita Willie. Jina hilo la mkato, la namna ambayo mabwana wa Kusini waliwaitia wanaume Weusi wazima kana kwamba ni watoto, lilienezwa na watu wa kampeni. Lee Atwater, meneja wa kampeni ya Bush, alijigamba kwamba wakimaliza kazi yao watu watajiuliza kama Willie Horton ni mgombea mwenza wa Dukakis. Roger Ailes, mtaalamu wao wa televisheni, yeye alisema swali lililobaki ni kama wamwonyeshe Horton akiwa na kisu mkononi au bila kisu.

Kuna jambo dogo hapa ambalo wengi hulisahau, na kwangu mimi ndilo linalofungua mlango wote. Wa kwanza kuzitumia ruhusa za gerezani dhidi ya Dukakis katika mbio zile hakuwa mtu wa Republican. Alikuwa Al Gore, Mdemokrat mwenzake, katika mdahalo wa New York, Aprili 1988. Gore aliuliza kuhusu sera: je, ungeileta nchi nzima? Hakutaja Horton, hakuonyesha picha ya mtu. Shutuma ni ileile, kosa ni lilelile, lakini kwa Gore lilikuwa swali, na Dukakis alipaswa kulijibu. Miezi mitano baadaye likavishwa uso.

Oktoba 21, Jesse Jackson, mchungaji na mwanasiasa Mweusi wa Democrat, akasema hadharani kwamba matangazo yale yanapandikiza hofu ya rangi, na Lloyd Bentsen, mgombea mwenza wa Dukakis, akakubaliana naye. Upande wa Bush ukaruka: hii ni habari ya uhalifu, nyie ndio mnaoleta rangi. Jina lako liko wapi hapa?

Na Dukakis? Alikaa kimya kwa muda mrefu mno, kisha kampeni yake ikajibu kwa tangazo la mfungwa mwingine, muuza heroini aliyetoroka kutoka mikononi mwa serikali ya shirikisho na kumuua mwanamke. Mfungwa huyo alikuwa Mlatino. Yaani kwa kulalamikia kanga ya jirani, naye akaenda dukani kununua yake. Novemba, Bush alishinda majimbo 40.

Wimbo ulitungwa zamani

Hofu ya "mhalifu Mweusi" haikuanza na televisheni. Mwaka 1906, katika kampeni ya ugavana wa Georgia, Hoke Smith na Clark Howell, mmoja aliyewahi kumiliki gazeti kubwa la Atlanta na mwingine mhariri wa gazeti shindani, walishindana nani atawadhibiti Weusi zaidi. Magazeti ya mji yakajaa habari za wanaume Weusi kuwavamia wanawake wa Kizungu, nyingi zisizo na mguu wala kichwa. Septemba makundi ya Wazungu yakaingia mitaani, na Weusi wasiopungua 25 wakauawa. Smith akawa gavana, na mwaka 1908 Georgia ikabadili katiba yake kwa namna iliyowanyima Weusi karibu wote haki ya kupiga kura. Wakati ule hapakuwa na haja ya mafumbo. Watu walisema walichokimaanisha, kwa maneno ambayo siwezi kuyaandika hapa.

Kilichobadilika ni miaka ya 1960. Sheria ya Haki za Kiraia ilitiwa saini Julai 2, 1964, na wiki mbili baadaye Barry Goldwater alisimama mbele ya mkutano mkuu wa Republican huko San Francisco akikubali kugombea urais, akazungumzia ghasia mitaani na usalama wa raia. Alishindwa vibaya, ila wimbo ulibaki. Mwaka uliofuata mtaa wa Watts mjini Los Angeles uliwaka moto. Aprili 1968 Martin Luther King aliuawa, na zaidi ya miji 100 ikazuka fujo. Wakati huohuo uhalifu wa kawaida, usio na uhusiano wowote na siasa, ulikuwa unapanda kweli. Katika masikio ya Wazungu wengi mambo matatu yakawa sauti moja: maandamano ya haki, fujo za mitaani, na mwizi wa usiku. Mwanasiasa aliyetaka kuyapinga yote kwa pumzi moja alipata maneno matatu ya kumtosha: sheria na utulivu.

Mwaka huo wa 1968 George Wallace wa Alabama, aliyeapa kuwatenga Weusi milele, aligombea kwa chama chake na kupata asilimia 13 na ushee ya kura na majimbo matano ya Kusini. Richard Nixon alizitaka kura hizo bila harufu ya Wallace, akaimba "sheria na utulivu" kwa sauti ya kistaarabu zaidi, akashinda. Alichokuwa anakiwaza tunakijua, maana msaidizi wake mkuu, H. R. Haldeman, aliandika shajara. Katika ukurasa wa Aprili 1969 Haldeman anaeleza kwamba rais alisisitiza kuwa tatizo lote hasa ni Weusi, na kwamba kazi ni kubuni mfumo unaolitambua hilo bila kuonekana kwamba unalitambua.

Isome tena sehemu ya mwisho. Ukinitaka nieleze mpasho kwa sentensi moja, sina bora kuliko hiyo.

Mwaka 1981 Lee Atwater, yule wa Horton, alipokuwa bado kijana wa Ikulu ya Reagan, alihojiwa na msomi wa siasa aitwaye Alexander Lamis. Akaeleza ufundi kwa uwazi wa ajabu: mwaka 1954 ulikuwa unatamka tusi la rangi na kushinda, kufikia 1968 tusi lile linakuumiza mwenyewe, basi unasema haki za majimbo kujiamulia mambo yake, unasema watoto kusafirishwa kwa mabasi kwenda shule za mbali ili rangi zichanganyike, mwisho unaongelea kupunguza kodi, mambo yanayosikika kama ya uchumi mtupu, na matokeo yake ni kwamba Weusi wanaumia zaidi kuliko Wazungu. Sauti ya mahojiano hayo ilitolewa hadharani mwaka 2012. Haki ni kusema pia kwamba katika mahojiano hayo Atwater alidai mwelekeo huo unalififisha suala la rangi hadi litoweke. Mwaka 1991, akiwa anakufa kwa saratani ya ubongo, aliomba radhi kwa kauli yake ya Horton kuwa mgombea mwenza. Alisema inamfanya aonekane mbaguzi, naye si mbaguzi.

Waliojibu kwa kuimba zaidi

Kama habari ingeishia hapa, ingekuwa ya chama kimoja kibaya na kingine kizuri. Haikuishia hapa. Wademokrat waliangalia majimbo 40 ya Bush wakapata somo: usiguswe tena na neno "mlegevu".

Januari 1992 Bill Clinton, gavana wa Arkansas, alikuwa New Hampshire akitafuta tiketi ya urais. Akaacha kampeni, akapanda ndege kurudi nyumbani, kwa sababu kulikuwa na mtu wa kuuawa kwa hukumu ya kifo. Mtu huyo, Ricky Ray Rector, alikuwa Mweusi aliyemuua polisi mwaka 1981 kisha akajipiga risasi kichwani. Hakufa, ila madaktari walimtoa sehemu ya mbele ya ubongo. Siku ya kufa, Januari 24, alipewa mlo wake wa mwisho. Alikula kila kitu isipokuwa kipande cha pai ya njugu za pekani. Alikiweka kando. Alisema atakila baadaye.

Sijui kama kuna picha inayoeleza vizuri zaidi bei ya shutuma hii. Hakuna aliyemlazimisha Clinton kumuua mtu ambaye hakuelewa kwamba hakuna baadaye. Ila kumsamehe kungekuwa tangazo la sekunde 30.

Baadaye Clinton, akiwa rais, alitia saini sheria ya uhalifu ya Septemba 1994, mwandishi wake mkuu katika Seneti akiwa Joe Biden: dola bilioni 30, polisi wapya 100,000, fedha za kujenga magereza, kifungo cha maisha kwa anayetiwa hatiani mara ya tatu kwa makosa mazito. Mwaka 1996 mkewe, Hillary, aliwaita vijana wa magenge "wanyama wakali" wasio na dhamiri, akirudia nadharia ya profesa mmoja aliyetabiri wimbi la vijana wauaji. Wimbi halikuja. Uhalifu wa vijana ulishuka. Miaka 20 baadaye alikiri kwamba hakupaswa kutumia maneno yale.

Nyuma ya hayo kulikuwa na sheria ya dawa za kulevya ya 1986, iliyopitishwa kwa haraka na vyama vyote viwili. Gramu 5 za krak, kokeni ya vipande iliyovutwa zaidi mitaa ya Weusi maskini, zilikupa kifungo cha chini kabisa cha miaka 5. Kwa kokeni ya unga, iliyopendwa na wenye hela, ulihitaji gramu 500 upate kifungo hichohicho. Moja kwa mia. Rangi haikuandikwa popote katika sheria. Uwiano huo ulidumu hadi 2010, ulipopunguzwa kuwa moja kwa 18, bado si moja kwa moja.

Mwaka 1972 magereza ya majimbo na ya shirikisho yalikuwa na wafungwa wasiofika 200,000. Mwaka 2009 walikuwa zaidi ya milioni 1.6. Weusi, ambao ni kama asilimia 13 ya wananchi, wamekuwa karibu theluthi moja ya wafungwa au zaidi.

Lakini tusikimbilie upande mmoja. Kati ya 1960 na 1980 kiwango cha mauaji kwa kila watu 100,000 kiliongezeka maradufu, kutoka kama 5 hadi zaidi ya 10, na Weusi waliuawa kwa wingi kupita sehemu yao katika idadi ya watu. Bibi wa Harlem, mtaa wa Weusi mjini New York, aliyefunga mlango kwa makufuli matatu hakuwa anaogopa picha ya televisheni, alikuwa anaogopa kijana wa ghorofa ya chini. Mwaka 1973 New York ilipotunga sheria kali za dawa za kulevya, baadhi ya wachungaji wa Harlem walizitaka. Mwaka 1994 mameya wengi Weusi na wabunge wengi Weusi waliiunga mkono sheria ya Clinton, wengine kwa shingo upande. James Forman Jr., aliyewahi kuwa wakili wa kutetea maskini mjini Washington, ameandika jinsi viongozi Weusi wa mji huo walivyodai vifungo vikali wenyewe. Anaongeza jambo muhimu: walidai mengi, polisi na pia kazi, shule, nyumba. Walichopewa ni polisi na gereza.

Kwa hiyo mtu anaweza kutaka mwizi akamatwe na bado akaumizwa na mpasho. Hayapingani.

Kwa nini unafanya kazi

Watafiti wamejaribu kuupima. Franklin Gilliam na Shanto Iyengar waliwaonyesha wakazi wa Los Angeles taarifa ya habari ya uhalifu, sura ya mtuhumiwa ikiwa moja, ila kwa kompyuta wengine wakaonyeshwa ngozi nyeusi na wengine nyeupe. Kundi jingine halikuonyeshwa mtuhumiwa kabisa. Walipoulizwa baadaye, zaidi ya asilimia 60 ya kundi hili la mwisho walikumbuka kumwona mtuhumiwa, na kati ya hao asilimia 70 wakasema alikuwa Mweusi. Walikumbuka uso ambao haukuwapo.

Jaribio jingine, la Jon Hurwitz na Mark Peffley mwaka 2005, liliwauliza Wazungu kama fedha zitumike kujenga magereza ya kuwafungia wahalifu wenye fujo. Nusu yao waliulizwa hivyo hivyo. Nusu nyingine waliongezewa maneno machache: wahalifu wa mitaa ya katikati ya jiji. Mwenyeji wa Dar au Zanzibar akitaka kuhisi uzito wa maneno hayo, na alifikirie neno "uswahilini" likitamkwa na mtu wa uzunguni. Ni mahali tu, si kabila, si tusi, na kila mtu anajua linamaanisha nani. Kwa waliosikia swali la kawaida, mtazamo wao juu ya Weusi haukuhusiana sana na jibu lao. Kwa waliosikia maneno ya ziada, mtazamo huo ndio ulioamua.

Ama swali la namna ya kuuponya mpasho huu, wataalamu hawajakubaliana. Tali Mendelberg alichunguza 1988 na kudai kwamba mpasho hufa ukitajwa: baada ya Jackson kulipua, nguvu ya tangazo ilipungua, kwa sababu Wazungu wengi hawataki kujiona wabaguzi. Gregory Huber na John Lapinski walirudia majaribio mwaka 2006 wakaona fumbo na tusi la wazi hayatofautiani sana. Mwaka 2018 Nicholas Valentino na wenzake wakaripoti kwamba maneno ya wazi hayawafukuzi tena wapiga kura kama zamani. Waswahili husema fumbo mfumbie mjinga, mwerevu ataligangua. Itakuwaje wakati mwerevu ameshaligangua, na hadhira haioni aibu?

Pengine ndiyo maana miaka ya karibuni mpasho umeanza kusogea kuelekea tusi, na rangi yake kupanuka. Mwishoni mwa Oktoba 2018 Donald Trump alisambaza tangazo la Luis Bracamontes, Mmexico aliyewaua maofisa wawili wa usalama California, likidai Wademokrat ndio waliomwingiza nchini. Kumbe alifukuzwa na kurudi zaidi ya mara moja, na mojawapo ya safari hizo ni wakati wa urais wa Bush mtoto. CNN ilikataa kulirusha, na hatimaye NBC na hata Fox News waliliondoa. Mwaka 2022 huko Wisconsin, Mandela Barnes, Mweusi aliyegombea Seneti, alizungukwa na matangazo yaliyomwita hatari na "tofauti". Tofauti na nani, hayakusema. Alishindwa kwa kama asilimia moja. Agosti 2025 Trump alichukua udhibiti wa polisi wa Washington na kupeleka askari, mwaka mmoja baada ya uhalifu wa kutumia nguvu mjini humo kushuka kuliko wakati wowote katika miaka 30 kwa takwimu za wizara ya sheria ya shirikisho. Alipotaja miji mingine iliyooza, alizitaja Chicago, Baltimore, Oakland. Yote, pamoja na Washington, ilikuwa na mameya Weusi. Hilo hakulitaja.

Na bado shutuma yenyewe haina adabu, haichagui mwenyewe. Mei 2019 Trump aliandika kwamba yeyote aliyehusika na sheria ya 1994 hatakuwa na nafasi ya kuchaguliwa, hasa na Weusi: Biden aliwafunga mno. Mwaka 2020, mtu yuleyule, juu ya Biden yuleyule, akaonya kwamba Biden akishinda hakuna atakayekuwa salama: Biden anawaachia. Kisha Mei 2023 Ron DeSantis, gavana wa Florida, akimwinda Trump ndani ya Republican, akaichimbua sheria ambayo Trump aliitia saini Desemba 2018 kupunguza baadhi ya vifungo. Akasema hiyo ilikuwa sheria ya kuwafungulia wahalifu magereza.